Chupa Mbili za Soda

Mwaka wa 1988 mvua ya Aprili ilinyesha vibaya. Maji yalishuka mlimani na kila takataka, yakaingia ziwani pale pale tunapochota. Sisi wanawake wa ufuoni, si mbali na Luanda Kotieno, hatukuacha kazi. Asubuhi tunangoja mitumbwi. Tunanunua samaki, tunapasua, tunapaka chumvi, tunaanika jua likitoka. Watoto wanacheza kando yetu kwenye matope. Ukigeuka kidogo, mkono mchafu uko mdomoni.

Basi watoto wakaanza kuhara.

Mimi nina watoto wanne. Nilisoma mpaka darasa la saba nikaolewa. Sijui mengi, lakini kuogopa najua. Mtoto wangu akikohoa, mimi ndiye sili. Kwa hiyo nilifurahi sana tulipopata Dorca.

Dorca alikuwa mwenzetu wa ufuoni. Baraza lilimchagua aende kituo cha afya, afundishwe, kisha arudi atufundishe sisi. Alirudi na mkoba wa kitambaa na maneno mapya. Hata kutembea kwake kulibadilika. Wanawake walimtania.

"Daktari Dorca, samaki wako wanaoza!"

"Waache waoze," alijibu. "Mimi sasa nachunga watoto wenu."

Siku ya mkutano wa akina mama alitufundisha kanisani. Alisimama mbele na chupa mbili za soda, sukari, chumvi na kijiko kidogo cha chai. Mzee Joram, mzee wa kanisa, aliketi kando akitikisa kichwa kwa furaha.

"Dorca, hizo soda ulikunywa peke yako?" Selpha aliuliza. Selpha ana mdomo, kila mtu anajua.

"Nyamaza, mama. Hii ni darasa, si harusi."

Tukacheka. Kisha akatueleza. Mtoto anayehara anapoteza maji na chumvi. Asiporudishiwa, anakauka kama samaki kwenye jua. Mtoto hafi kwa kuhara, alisema, anakufa kwa kukauka. Kwa hiyo chukua maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili. Weka sukari vijiko sita na chumvi nusu kijiko. Koroga, mpe kidogo kidogo, na umnyonyeshe kama kawaida.

Alikuwa ametunga wimbo. *Chupa mbili, mama, chupa mbili! Sukari sita, mama, chumvi nusu!* Wimbo ulikuwa mtamu. Tulipiga makofi mpaka vumbi la sakafu likapanda.

Nyuma yangu aliketi Jentrix. Yeye alikuwa ameolewa karibuni na Ouma, na alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Walter, ambaye alikuwa anaanza kutambaa. Jentrix alitoka Ugenya, kwa hiyo tulimwita Nyar Ugenya, binti wa Ugenya. Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao. Bado hakuwa amepewa jiko lake. Alipika jikoni kwa mama mkwe wake, Mama Rosa, na Mama Rosa alikuwa ameketi mbele yetu, mgongo wake mpana kama mlango.

Jentrix alinigusa bega. "Dada, hiyo kijiko inajaa na mlima juu, ama inakuwa sawasawa?"

"Sijui. Muulize Dorca."

Aliutazama ule mgongo wa Mama Rosa. "Nitauliza aje mbele ya mama?"

Nilimwelewa. Kwetu mke mpya haongei katika mkutano alipo mama mkwe. Akiuliza, watu watasema kwao hakufundishwa adabu. Na wimbo ulikuwa umeanza tena. Dorca alipouliza, "Mmeelewa?" sote tulijibu, "Ndiyooo!" Jentrix naye alijibu.

Haikupita muda mrefu, Walter akaanza kuhara.

Ouma alikuwa ameenda kuvua upande wa Port Victoria. Jentrix alichemsha maji, akapima chupa mbili za soda, akaweka sukari na chumvi kama wimbo ulivyosema. Mtoto alikunywa kwa pupa. Baada ya muda akataka tena, na tena. Alilia kwa kiu. Midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi.

"Mama," Jentrix alisema polepole, "naona anazidi."

"Mpe zaidi," Mama Rosa alisema. "Si ndiyo dawa ya Dorca? Au wewe sasa unajua kuliko Dorca?"

Walimwita Dorca. Alifika na mkoba wake. Alimshika mtoto tumbo, akashika paji la uso. "Mpe zaidi," alisema na yeye. "Usichoke. Ufuate vile nilifundisha."

Hakuonja yale maji. Hakumwambia Jentrix, hebu changanya nikuone. Nilikuwa pale, nimekuja kuwapa pole. Nilimwamini Dorca kabisa. Nyumbani kwangu mtoto wangu Seline pia alikuwa anahara kidogo, na nilikuwa nimemchanganyia jagi zima.

Kesho yake asubuhi nilisikia mayowe. Nilikimbia. Walter alikuwa anatetemeka mikono na miguu, macho yamegeuka juu.

"Wuololo! Mtoto anakufa!" Mama Rosa alipiga kelele.

Tulipanda mlima kwenda kituo cha afya, mimi, Jentrix, Mama Rosa na Dorca. Jentrix alimbeba mtoto kifuani. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Walter, Walter," kama mtu anayemwamsha.

Muuguzi mkuu pale alikuwa Sister Kageha, mama wa Kimaragoli, mfupi, mwenye sauti nzito. Alimpokea mtoto mara moja. Alimtundikia dripu, akawatuma wauguzi wake huku na huku. Mtetemeko ulipopungua alimgeukia Jentrix.

"Mama, umekuwa ukimpa nini?"

"Maji ya chumvi na sukari, Sister."

"Vizuri. Lakini mtoto huyu ana dalili ya chumvi nyingi. Wewe usiogope. Chukua maji haya, chumvi hii, sukari hii. Nichanganyie kama nyumbani, nikuone."

Jentrix alitazama meza. "Sister, sioni chupa za soda."

"Soda? Za nini?"

"Za kupima. Chupa mbili."

Sister alimtuma mtu, zikaletwa. Jentrix alipima maji. Kisha akachota chumvi. Aliichota vile sisi tunachota chumvi ya samaki, kijiko kimejaa mpaka kimefanya mlima, akapunguza kidogo, akaita hiyo nusu. Akakoroga.

Sister aliyaonja. Uso wake ulikunjamana. Akampa Mama Rosa naye aonje.

Mama Rosa alitema mate chini. "Chumvi tupu! Nyar Ugenya, umemchinja mjukuu wangu! Umempaka chumvi kama samaki! Nilimwambia Ouma, huyu msichana kichwa yake ni ngumu. Nilimwambia!"

Jentrix aliinama. Machozi yalidondoka kwenye miguu yake iliyojaa matope. Mke mpya hamjibu mama mkwe, hata akisingiziwa.

Nilimtazama Dorca. Alikuwa amesimama ukutani, mkoba ameukumbatia kama mtoto. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ngoja, mama," Sister Kageha alimwambia Mama Rosa. "Kelele haitamponya mtoto." Akachukua chupa mbili za bia, tupu na safi, kutoka kabatini. Alizijaza maji, akayamimina kwenye jagi kubwa lenye alama ya lita moja. Maji yakafika kwenye alama. Akayamwaga. Akajaza zile mbili za soda, akamimina. Maji yalipita nusu kidogo tu, yakaishia hapo.

"Mnaona? Chumvi ni ile ile, maji yamepungua. Na kijiko kikijaa mlima, chumvi inakuwa mara mbili tena. Sisi hapa tunafundisha kwa chupa mbili za bia. Nani amewaambia soda?"

Alitutazama mmoja mmoja.

"Nauliza kwa sababu moja," Sister alisema. "Kama ni huyu mama peke yake amekosea, tutamwonyesha. Lakini kama kuna nyumba nyingine huko ufuoni zinatumia soda, kuna watoto wengine wanakunywa hii sasa hivi."

Hapo nilimkumbuka Seline. Nilikuwa nimemwacha na dada yake, na jagi liko mezani, na nilikuwa nimesema, hakikisha amemaliza.

"Zote," Dorca alisema.

"Nini?"

"Nyumba zote, Sister. Ni mimi." Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. "Ulinifundisha na chupa za bia. Lakini nilikuwa nafundisha kanisani. Ningeingia aje na chupa za bia mbele ya Mzee Joram? Watu wangesema nini? Nikafikiri chupa ni chupa. Nikatumia za soda."

Alimgeukia Mama Rosa. "Mama, usimtukane huyu. Amefanya vile nilimwambia. Hata jana nilikuja nikamwambia ampe zaidi."

Mimi sikusikia mengine. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, nakimbia kuteremka mlima. Nyuma yangu nilisikia miguu mingine. Alikuwa Dorca. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope, hakukirudia. Alipofika nyumba za kwanza alianza kupiga kelele, "Mwageni! Mwageni hayo maji! Nilikosea! Yamwageni!"

Nyumbani nilikuta Seline ameketi anakula ugali. Jagi lilikuwa karibu limejaa. Dada yake aliniambia, "Amekataa, mama. Anasema ni mabaya, yana chumvi." Nilikaa chini sakafuni nikamshika mtoto wangu. Ulimi wake ulijua kuliko mimi.

Wengine walitapika, wengine walipandishwa kituoni siku ile. Hatukuzika mtoto. Lakini Walter alibaki amelala kituoni, na hakuna aliyeweza kusema ataamka vipi.

Siku iliyofuata nilimpelekea Jentrix uji. Nilimkuta Dorca ameketi nje kwenye benchi, na Sister Kageha kando yake. Mkoba ulikuwa katikati yao.

"Nimeurudisha," Dorca aliniambia bila kuniangalia.

Nikwambie kweli, sikumwonea huruma. Bado nilikuwa nikiona jagi lile mezani. Niliona heri aurudishe.

"Na watoto wa ufuoni nimpe nani?" Sister alimuuliza.

"Mpe mtu ana akili. Mimi siwezi kupita pale tena. Wananiangalia."

"Acha wakuangalie. Dorca, niambie. Siku ile kanisani, uliwafundisha au uliwaambia?"

"Niliwafundisha. Waliimba wote. Niliuliza kama wameelewa, wakasema ndiyo."

"Mbele ya mama mkwe, mke mpya atasema nini kama si ndiyo? Hata mimi kwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo si kuelewa. Ndiyo ni adabu. Kama unataka kujua mtu ameelewa, mpe kijiko mkononi, halafu nyamaza, tazama."

Dorca alifuta pua na kanga.

Sister akaendelea. "Nilipokuwa muuguzi mpya, nilimwambia mzee mmoja ameze tembe mara tatu kwa siku. Alienda akazimeza zote pamoja. Alipona, lakini nilitaka kuacha kazi, kama wewe. Mkubwa wangu alinikatalia. Tangu hapo, kliniki ikifungwa, mimi na wenzangu tunakaa kwenye benchi hili hili. Kila mtu anajiuliza mbele ya wenzake. Leo nimefanya nini? Kimetokea nini? Kwa nini kimetokea hivyo? Kesho nibadilishe nini? Na wa kwanza kusema ni mimi, kwa sababu mkubwa akificha, wadogo wote wataficha."

"Na aibu, Sister? Aibu unaipeleka wapi?"

"Aibu ni mgeni. Mpe kiti, lakini usimpe jiko. Ukimwacha apike, utakula uwongo kila siku. Utaanza kuficha hili, halafu lile. Na ukificha, mtoto ndiye analipa."

Ndani tulisikia kitu. Kilio chembamba, cha mtoto mwenye hasira. Jentrix alitoka mbio mlangoni.

"Anataka kunyonya!" alisema. "Sister, amenitambua, anataka kunyonya!"

Sister alisimama. Dorca pia alisimama. Alipoinuka, mkono wake uliuchukua ule mkoba. Sidhani alijua ameuchukua.

Mkutano wa akina mama uliofuata, kanisa lilijaa. Watu walikuja kumwona Dorca aaibike, tuseme ukweli. Aliingia na kikapu. Akatoa chupa mbili za bia, akaziweka mezani. Watu waliguna.

Mzee Joram alisimama. "Binti yangu, hapana. Hizo haziwezi kukaa ndani ya kanisa."

"Mzee, ni tupu," Selpha alisema. "Mlevi mwenyewe hayupo."

Tulitaka kucheka, tukajizuia. Dorca hakubishana. "Basi Mzee, tutoke nje. Mahali pa kufundishia ni popote. Siku ile niliona aibu na chupa hizi, nikawapa za soda. Aibu yangu ilitaka kuua watoto wenu. Nisameheni."

"Wewe ulitaka kutukaushia watoto kama omena kwenye jua!" mama mmoja alisema.

"Ndiyo, mama. Hivyo ndivyo nilifanya."

Alipokubali hivyo, bila kujitetea, yule mama aliketi.

Tulitoka, tukakaa kwenye nyasi kando ya ukuta. Safari hii hakuna wimbo. Dorca alionyesha mara moja, polepole. Maji safi yaliyochemshwa, lita moja, yaani chupa mbili za bia. Sukari vijiko vidogo sita, na kila kijiko unakifuta juu kwa kidole kiwe sawasawa. Chumvi nusu ya kijiko, nacho kimefutwa. Kisha unaonja wewe mwenyewe kabla ya kumpa mtoto. Chumvi yake isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga, anza upya. Ukipata zile pakiti za kliniki, hizo ni bora zaidi, lakini nazo pima maji sawasawa. Na mtoto akilegea, macho yakizama, akiwa na damu kwenye choo au akitetemeka, usingoje. Panda mlima.

"Sasa mimi nimemaliza kusema," Dorca alisema. "Ni nyinyi. Kila mmoja atachanganya nikimwona. Na atakayeuliza swali, nitamshukuru. Nani anaanza?"

Hakuna aliyetaka kuanza. Kukosea mbele ya watu si jambo rahisi. Halafu Jentrix akasimama, Walter yuko mgongoni, bado mwembamba lakini macho yake makali. Alipima maji. Alichota sukari, akafuta. Alichota chumvi, akafuta, akagawa nusu kwa kisu. Akaonja. Dorca akaonja.

"Machozi," Dorca alisema. Hapo tukapiga makofi.

Kisha Mama Rosa akasogea mbele. Tangu siku ya kituo cha afya, yeye na Jentrix walikuwa wakizungumza machache. Mkubwa kumwomba msamaha mke wa mwanawe, kwetu si kitu cha kusikia. Alikaa chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu.

"Mimi ndiye ninabaki na huyu mtoto mama yake akienda ziwani," alisema. "Nipeni kijiko. Lakini Dorca, wewe kaa. Nataka huyu anionyeshe."

Jentrix alipiga magoti kando yake. Mama Rosa alimimina maji vizuri. Akaweka sukari vizuri. Alipofika kwenye chumvi, mkono wake wa samaki ukarudi palepale. Kijiko kikatoka na mlima.

Jentrix alikiona. Sote tulikiona. Kijiko kilikuwa kinakwenda kwenye maji. Dorca alifunga mdomo wake, akatazama.

"Hapana, Mama," Jentrix alisema.

Sijawahi kusikia mke mpya akimwambia mama mkwe hapana, tena mbele ya watu.

"Hapana. Futa kwanza."

Mama Rosa alimtazama. Akaangalia kijiko. Akanyoosha kidole chake kikubwa, akafuta ule mlima wa chumvi, ukaanguka kwenye nyasi.

"Hivi?"

"Hivyo, Mama. Sasa gawa nusu."

Mvua zilizofuata watoto walihara tena, maana ziwa ni lile lile na matope ni yale yale. Tulianza kuchimba vyoo mbali na maji, na hiyo ni hadithi ndefu ya mabishano na waume. Lakini hatukupanda mlima tena na mtoto anayetetemeka kwa chumvi. Dorca bado anapita nyumba kwa nyumba. Ukikutana naye njiani ametoka nyumba ya mtu, utaona anatembea polepole, midomo inacheza. Usidhani ni wazimu. Anajiuliza.

Mama mwenzangu unayesoma hapa, ukifundishwa jambo la mtoto wako na hukuelewa, uliza, hata kama mgongo wa nani uko mbele yako. Na wewe unayefundisha wengine, usituulize kama tumeelewa. Tupe kijiko.